Brashi Mpya ya Allah Wasaya

Kaka yangu Allah Wasaya ni kinyozi, kama baba yetu na babu yetu, na kwetu kinyozi ndiye pia mpishi wa harusi. Asubuhi anamnyoa bwana harusi, mchana anapakua pilau. Nyumba ya Malik Qadir Dad, mwenye mashamba ya kijiji, haijapata kufanya harusi ambayo masufuria yake hayakukorogwa na mtu wa ukoo wetu. Heshima yote ya kaka iko hapo. Vingine alivyonavyo ni kipara, mke mgonjwa, na mimi.

Mimi nilirudi kwake mwaka ule mume wangu, Ghulam Shabbir, alipoona nimechakaa. Nilimfulia mataulo miaka yote aliyokuwa akinyolea watu kando ya barabara. Alipopata duka lenye vioo pande mbili, akaoa msichana wa kufanana na vioo. Naye ni kinyozi, tena ni binamu yetu, kwa hiyo hata kuachwa kwenyewe sikuachwa kwa raha. Kila harusi namkuta.

Shabbir aliyatamani masufuria ya Malik tangu zamani. Mjukuu wa Malik alipokaribia kuoa, akaanza kuwaambia wateja wake kwamba brashi ya kunyolea ya Allah Wasaya ni ya nywele za nguruwe. Hakusema kwa ubaya, eti. Alisema kwa huruma, huku akiwapaka povu lake la kopo. Mkono unaoshika nguruwe asubuhi, aliuliza, mchana unatia chumvi kwenye chakula cha nani?

Kaka alicheka mpaka maneno yalipofika kwa imamu, ambaye alikuwa akinyolewa mashavu kwa brashi ile kila Alhamisi. Imamu akaacha kunyolewa. Alianza tu kuja na uso mchafu na kuondoka nao.

Tukaenda mjini, kwa Ilahi Yar auzaye vifaa vya vinyozi. Kaka akamtolea brashi yake na kumwuliza ni ya mnyama gani. Ilahi Yar akaigeuza, akaanza kuzungumzia joto la mwaka huu. Kaka alipomkazia macho, akasema nywele nyeupe ngumu namna ile, kwa bei ile, haziwezi kuwa za farasi. Kaka akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka nge, akaomba maji ya kunawa. Alinawa mpaka sabuni ya mwenye duka ikaisha. Tuliporudi aliizika ng'ambo ya mfereji, na nilimwona amesimama pale kidogo, kama anayefikiria kama inafaa kuisomea kitu.

Lakini kabla ya kurudi ilibidi achague nyingine. Ilahi Yar akaleta za nyuzi za plastiki, ambazo hazijawahi kutembea kwa miguu minne. Kaka alizijaribu kwenye shavu la Ilahi Yar mwenyewe. Nyeusi ilimkwaruza, maskini akawa anafumba macho. Ya kijani, kijani cha kasuku, ilikuwa laini na ilitoa povu zuri. Ya mwisho ilikuwa ya kahawia yenye ncha nyeupe, laini vilevile, imetiwa rangi ifanane na manyoya halisi. Hiyo ndiyo kaka aliyoikumbatia.

Nikamwambia achukue ya kijani. "Kaka, hakuna mnyama atakayekubali kuvaa rangi hii. Hata kipofu ataambiwa."

"Nikamnyoe mjukuu wa Malik kwa mkia wa kasuku?"

"Na hiyo nyingine ukiulizwa?"

"Nitajibu. Wewe uliyeshindwa kumjibu mumeo, ndiye wa kunifundisha majibu?"

Nikairudisha ya kijani mezani. Akanunua ya kahawia.

Nyumbani akairoweka kwenye maji ya moto tangu alfajiri, kama alivyozoea kuilainisha ile ya zamani. Plastiki haina cha kulainika. Ilibeba maji tu, povu likawa jepesi kama maziwa ya mchuuzi, likamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Alijizoeza juu ya tumbo la sufuria kubwa la pilau mpaka alipojua kuilowesha ncha tu na kuikung'uta. Sijaona sufuria lililonyolewa vizuri kama lile.

Siku ya harusi, bwana harusi alikaa kwenye kigoda uani, wanaume wamemzunguka, nami nikichochea moto wa masufuria pembeni. Kaka alipoinua brashi, Shabbir akajitokeza. Masharubu yake yalikuwa yamepakwa hina na kusokotwa ncha.

"Malik sahib," alisema kwa upole, "mwulize hizo ni nywele za nani."

Kaka akasema ni plastiki. Shabbir akauliza ni plastiki gani yenye rangi ya manyoya, na wazee wakaanza kunyoosha shingo. Kaka, aliyesema atajibu, akaanza kuipangusa brashi kwa shati lake. Malik Qadir Dad akatazama brashi, akatazama masufuria, akaamuru pawa zitolewe masufuriani, asipakue mtu, mpaka jambo lijulikane.

Wali ulikuwa karibu kushika chini. Nikasimama na kijinga cha moto. Nilisema nywele ikichomwa hunuka, plastiki hujikunja. Malik akaitikia kwa kichwa. Kaka akang'oa uzi mmoja, nikauchoma, ukasinyaa ukawa tone jeusi.

Shabbir akasema hapo hapanuki kitu kwa sababu ya moshi wa pilau. Hata nywele ya kweli, alisema, isingenuka.

"Basi tuchome ya kweli hapahapa," nikasema. "Kaka hana hata moja. Ndevu za Malik sahib hatuzigusi, na bwana harusi ana siku yake. Tutumie za mwenye shaka."

Wanaume walianza kuchekea kwenye vilemba vyao. Shabbir alirudi nyuma, akaupata ukuta.

"Haki hiyo," Malik alisema. "Mkate kidogo."

Kaka alikata ncha ya sharubu la kulia. Ilipogusa moto, harufu ilijaa uani, na imamu akafunika pua kwa kilemba. Malik akakohoa, akapunga mkono pawa zirudi kwenye masufuria. Nilikoroga kwa nguvu. Chini wali ulikuwa umeshika kidogo tu.

Bwana harusi akanyolewa. Shabbir alikuwa akitafuta mlango, amefunika mdomo kama mwenye jino, lakini Malik alimwita. Hakutaka mgeni wa upande mmoja kwenye harusi yake. Akamwonyesha kigoda.

Kaka akalowesha ncha ya brashi, akaikung'uta. Nikasogea na bakuli la maji ya moto, kwa sababu kazi hiyo niliizoea.

"Shemeji," kaka alisema, "inua kidevu."