Springi ya Kushoto

Pikipiki ya zamani mimi huitazama nyuma kwanza. Mbele ni maringo tu, taa na nembo. Nyuma ndiko mtu alikobebea maisha yake, na mwenye mzigo wa kudumu hakosi kubadilisha kitu. Nimekuta shokapu zilizotoka kwenye pikipiki nyingine kabisa, nimekuta vipande vya tairi mahali pa springi. Kaka yangu anasema huu ni ugonjwa. Basi aniache na ugonjwa wangu.

Ila ya marehemu baba sikuwahi kuitazama hivyo. Nilikuwa nimeizoea mno.

Mama ndiye aliyeamua iuzwe. Baba alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na pikipiki ilikuwa bado imeegeshwa barazani kwetu Ruhuwiko.

"Iende," alisema. "Nimeishi naye tangu ni msichana, hakuwahi kuniambia neno moja la kuonyesha ananijali. Chuma chake nikitunze cha nini?"

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Baba hakuwa mtu wa maneno, na mama aliyasubiri mpaka akachoka.

Asubuhi ya kuja mnunuzi kulikuwa na ukungu wetu wa mwezi wa sita, hata nyumba ya jirani ilionekana kama kitu ninachokikumbuka tu. Nilikuwa nasafisha gurudumu la nyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mkono ukasita. Springi ya kushoto ilikuwa nene kuliko ya kulia. Kishikio chake cha juu kilikuwa kimekatwa na kuchomelewa upya, vidole viwili nyuma ya mahali pake.

Mnunuzi alipofika naye akaiona. "Hii fundi wenu kabandika tu, dada. Nitafunga mbili mpya zinazofanana."

Nilikasirika bila kujua kwa nini. Kaka yangu akamkaribisha ndani, chai.

Nikabaki nimechuchumaa kwenye ukungu, nikaota macho wazi. Barabara ya Maposeni, mahindi kulia na kushoto, mimi mgongoni mwa mama, shavu limelala kwenye joto lake. Mama amekaa upande, kama wanawake walivyokaa enzi zile, miguu yote miwili kushoto. Baba haongei. Mashimo yanapita chini yetu na mimi nasinzia. Halafu baba yuko peke yake, anatoka kazini, kushoto hakuna uzito wa mama, pikipiki imeinamia kulia na yeye mwili kauegemeza kidogo kushoto, na vijana wa kijiweni wanamcheka kwamba anaendesha kama mlevi. Hakuwajibu hata siku moja. Wala hakuirekebisha springi.

Kitaalamu sijui kama springi nene upande mmoja inasaidia chochote. Yeye aliamini inasaidia.

Nikamwita mama, nikamshikisha springi ya kulia, kisha ya kushoto. "Huku ndiko ulikokuwa unakaa," nikamwambia. "Aliibadilisha kwa ajili yako."

Vidole vyake vikabaki kwenye springi. "Aliibadilisha lini?"

Nikachukua msasa, nikasugua taratibu pale palipochomelewa. Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake kukawa na bluu, imelifunika kovu lote la chuma.

"Kabla haijapakwa bluu," nikasema. "Lakini mimi sijawahi kuiona ikiwa ya bluu."

Mama akakaa chini kwenye saruji, na kitenge chake kizuri.

"Ilikuwa ya bluu siku alipokuja nayo kwetu Hanga kuniposa. Alikuwa ameipaka mwenyewe, inanuka rangi mpaka kuku wakaikimbia." Akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Siku ile nilimrudisha bila jibu. Mwanangu, nilikuwa hata sijamkubali."

Alilia, nami nikalia naye, nikampenda baba kwa namna ambayo sikuwahi kumpenda akiwa hai. Kisha mama akajifuta uso kwa upindo wa kitenge, akanituma ndani nikamwambie mgeni amalize chai yake aende salama.