Mfereji wa Kwenye Kalenda

Watu wa kwetu hawasafiri, wanahama. Mtu akienda Taif kulala siku mbili, mizigo yake utadhani kafukuzwa nyumba. Mie nimeolewa Riyadh, mtaa wa Suwaidi, na kila nikiwapeleka wanangu kwa wazee wangu Jeddah huapa kuwa mara hii nitabeba mkoba mmoja tu, na kila mara gari huondoka limekaa chini kwa uzito. Kwa hiyo sijui nilipata wapi ujinga wa kudhani naweza kuwachukua wazee mpaka Japani, tena kwa wiki moja, na mambo yakaenda nilivyoyapanga.

Sababu ya safari ilikuwa kalenda. Baba alikuwa mshika stoo kwa miaka mingi pale Jeddah, kwenye duka la vipuri vya magari ya Kijapani, na kila mwaka duka lilikuwa likiletewa kalenda za kugawia wateja. Moja alikuja nayo nyumbani nikiwa mdogo, ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni. Ilikuwa na mfereji wa maji yaliyotulia, maghala ya zamani yenye kuta nyeupe na vigae vyeusi, daraja la mawe, mti ulioteremsha matawi yake mpaka majini, na mtu wa kofia ya ukili akisukuma mashua kwa pondo. Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki. Karatasi za miezi zikatupwa, picha ikatiwa kioo. Tulipokuwa tukimuuliza baba ni wapi pale, alikuwa akitujibu kuwa ni Kurashiki, mji wa zamani wa wafanyabiashara wa mchele, na iko siku tutakwenda.

Mwaka jana baba alikuja kwangu Riyadh kutazamwa macho. Daktari alinivuta pembeni akaniambia presha ya macho imekwishaharibu sana, kilichobaki kitakwenda kidogo kidogo, na dawa ni za kuchelewesha tu. Nilirudi nyumbani nikajifungia chooni nikalia. Nilipotoka nilikuwa nimeshaamua. Baba ataiona Kurashiki kabla macho hayajazima. Sikutaka kingine Japani, si milima, si maduka, si hiyo Tokyo yao. Siku moja tu kwenye mfereji ule, jua likiwaka, baba ndani ya mashua.

Mpango wangu ulikuwa wa watu wanne: baba, mama, mimi, na kaka yangu wa kubeba mizigo. Mume wangu alikubali kubaki na watoto. Halafu mama akaenda kuaga. Kwetu mtu hasafiri bila kupita kwa jamaa kuomba radhi, na mama alipofika kwa shangazi, dada yake baba, shangazi akalia. Ati kaka yake anakwenda mwisho wa dunia, naye anaachwa na viti. Mpaka kahawa inakwisha, shangazi alikuwa tayari ni msafiri. Nilipiga simu kutoka Riyadh nikasema maneno mengi. Mama alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akaniambia kwa upole kuwa ameshamkubalia, na nguo ameshaanza kupanga.

Tena nyumba yetu ina sheria moja, sheria ya mama: hatuachani. Walipotoka Unguja sitini na nne, mama alikuwa mtoto wa kubebwa. Bibi alimwambia mdogo wake afunge nyumba kisha awafuate bandarini. Hakufuata, wala hakuonekana tena. Tangu hapo kwetu mtu mmoja akirudi kuchukua kitambaa, ukoo mzima unasimama. Nailewa sheria hiyo, na naiheshimu. Lakini ijaribuni kwenye stesheni ya treni Japani, ambako mlango unafungwa mtu akiwa bado anaitafuta miwani yake, ndipo mtanielewa.

Tulilala Osaka kwa sababu huko chakula cha halali hakina taabu. Hata hivyo mama hakutaka chakula cha mkahawa. Alikuja na sufuria ya umeme ya kupikia wali, imefungwa ndani ya mablanketi, na mchele, na bizari zote. Kila siku pilau. Nilimwambia, mama, tumekuja nchi ya watu, twende tukae mezani tule samaki. Akajitia hamnazo. Baba alikula pilau yake kitandani kwa mkono, taratibu, akasifu, na mie nikawa nasaga meno. Jambo jingine lililonichosha ni kushikana kwao mikono. Tangu uwanja wa ndege mama hakumwachia baba kiwiko, hata kwenye lifti. Kaka alikuwa akiwatania kuwa wamerudi fungate. Mie nilicheka mwanzo, baadaye ikanichefua, maana watu wawili walioshikana hawapiti haraka popote.

Siku ya Kurashiki niliwaamsha wote alfajiri. Nilikuwa nimesoma kuwa tiketi za mashua zinauzwa hapo hapo kando ya mfereji, na zinakwisha mapema. Niliwaeleza usiku, nikawaeleza tena asubuhi, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, ili pasiwe na wa kusema hakusikia. Mama akasema sawa, pilau ikiiva tu. Shangazi hakuipata pini ya mtandio wake, na alikuwa na pini nyingine kumi, lakini alitaka ile. Kaka, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni akisema yalla, yalla, twendeni, ndiye aliyekuwa hajaoga. Treni ya kwanza ikatupita. Ya pili tuliipanda, tukahesabiana, tukakuta kaka amerudi hotelini kuchukua chaja. Tukashuka. Tukamsubiri. Watu wa stesheni walituangalia kwa adabu kubwa, na adabu yao ikazidi kuniumiza.

Tulipofika Kurashiki adhuhuri ilikuwa imepita zamani. Nikawaomba twende moja kwa moja mferejini. La. Mama alitaka tule kwanza, kwenye bustani ya karibu, kwa kuwa baba ana njaa. Shangazi akaona duka la vitambaa. Kaka akampigia simu ya picha mkewe, na mkewe akawaita majirani, na majirani wakataka kumwona shangazi. Tulipoufikia mfereji, kibanda cha tiketi kilikuwa na kibao, na yule msichana wa ndani aliinama akaniomba radhi hata kabla sijamuuliza. Tiketi zilikuwa zimekwisha. Mashua ya mwisho ilikuwa njiani kurudi.

Sikupiga kelele. Nilitamani, lakini kule ni aibu hata kukohoa. Nikageuka kuwaambia wenzangu, nikamkuta shangazi ameshatandika mswala nyuma ya ghala, alasiri isimpite, mama amekaa kwenye benchi na mabegi yote na sufuria, na kaka anatafuta pa kununua maji. Jua lilikuwa linashuka. Mama akaniambia niketi, shangazi akitoa salamu tutakwenda wote. Hapo roho ikanipanda. Nikamshika baba mkono, nikamwondoa kwenye mkono wa mama, nikamwambia mama kuwa sheria yake hiyo imeshamlia baba mchana mzima na saa hii iliyobaki siitoi. Mama alinyanyuka nusu, akataka kusema kitu, mie nikawa nimeshaondoka.

Tulikwenda baba na mimi mpaka juu ya daraja la mawe. Jua la mwisho lilikuwa limelala kwenye kuta nyeupe, na matawi ya mti yanagusa maji kama nilivyoyajua tangu utotoni. Ilikuwa picha yetu, wallahi, sebule ya Jeddah imesimama mbele yangu. Nikamwambia baba, haya, ndiyo hii. Baba akainua uso, akatabasamu, akanyoosha mkono.

“Lile pale daraja,” akasema. “Na yule mtu wa kofia bado anasukuma mashua yake. Mashallah. Hawajabadilisha kitu.”

Daraja tulikuwa tumelikanyaga. Mashua zote zilikuwa zimefungwa kando, tupu, na mtu wa kofia hakuwapo. Baba alikuwa ananisomea kalenda.

“Tangu lini, baba?”

Akaushusha mkono. Hakujaribu kunizuga. “Ramadhani ilinikuta naona mwanga na kivuli,” akasema. “Idi ilipofika, hata hicho kilikuwa kimekwenda.”

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi wake. Akasema kuwa ningeivunja safari. Nikamwambia ndiyo, ningeivunja, safari yenyewe ilikuwa ya macho yake, miezi yote hii nimehangaikia macho yake. Baba akanipapasa bega mpaka akalipata.

“Hiyo ni safari uliyoipanga wewe,” akasema. “Mie kalenda zilikuwa zinanijaa stoo, nimezichoka. Ile ni mama yako aliyenikataza kuitoa. Kila Ijumaa anaipangusa. Nilimwahidi nitamleta. Na yeye unamjua, hawezi kwenda mahali kwa ajili ya nafsi yake. Ukimwambia ni kwa ajili yangu, anakwenda.” Kisha akageuza uso kulia na kushoto. “Yuko wapi? Anaona?”

Alikuwa nyuma ya ghala, kwenye benchi, na sufuria. Mie ndiye niliyemwacha huko.

Niliuweka mkono wa baba kwenye ukingo wa daraja, nikamwapisha asisogee hata hatua moja, nikakimbia. Mama aliponiona nakuja peke yangu alisimama. Hakuniuliza mfereji ukoje. Aliuliza baba yako umemwacha wapi, na kabla sijamaliza kumjibu alikuwa ameshanipita. Mabegi akayaacha. Shangazi akamwacha amesujudu. Sijapata kumwona mama yangu akimwacha mtu nyuma, wala sijapata kumwona akikimbia, buibui ameliinua mpaka kwenye vifundo, na watalii wakimpisha.

Alimkamata baba kiwiko pale pale alipokuwa akikishika safari nzima. Ndipo na mimi nikapata akili. Alikuwa anajua. Pilau ilikuwa kwa ajili hiyo, maana wali wa mkono baba anaujua ulipo, lakini mezani kwa watu, na vijiti na vibakuli vingi, angejulikana siku ya kwanza. Asubuhi zote tulizochelewa alikuwa anamvisha, anamfunga viatu, anamwonyesha kwa mkono wake mlango ulipo, na sisi nje tunasema yalla.

“Mama, tazama,” nikamwambia. “Tazama haraka, jua linazama. Ni kalenda yako hii.”

“Nimeona, nimeona,” akasema, na hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama miguu ya baba. “Hapa pana ngazi ya kushuka, baba watoto. Mguu wa kulia kwanza.”

Baba akamuuliza kama ni pazuri. Akamwambia ni pazuri sana, na macho yake bado yako chini. Nilitaka kuwatikisa wote wawili. Nilitaka kumwambia kaka, aliyekuwa anakuja na chupa zake za maji, amshike baba, mama apate dakika moja. Lakini baba alikuwa amenibana vidole, na nikaelewa kuwa hataki kaka ajue, si pale. Nikampokea kaka chupa. Kaka akasema tusogee karibu karibu, akatupiga picha. Shangazi akafika anahema, anauliza nani kaiacha mizigo bila mtu. Taa za kando ya mfereji zikaanza kuwashwa na ikawa halas, imekwisha, tukarudi stesheni, wote kwa pamoja.

Picha ya kaka ninayo kwenye simu. Mimi nimenuna, shangazi ameng'aa na mtandio wake na ile pini, baba amenyanyua uso kwa furaha kwenye upande usiokuwa na kitu. Mama anatazama viatu.

Hivi karibuni nilikuwa Jeddah kwa likizo ya watoto. Kaka na shangazi wanajua sasa, kila mtu anajua, na baba anatembea nyumba nzima bila kugusa ukuta kwa sababu anakijua kila kigae. Ilikuwa Ijumaa. Mama alipanda kigoda, akachukua kitambaa, akaanza kukipangusa kioo cha kalenda kama kawaida yake, pembe moja moja, na alipofika kwenye mti akasimama kidogo.

“Mji mzuri huu,” akasema. “Inshallah iko siku nami nitakwenda.”

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, mama, tumekwenda, sote, umesimama pale pale kwenye daraja.

“Pale nilimpeleka baba yako,” akasema. “Sikupata kutazama.”

Nilikaa kwenye kochi nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Baba, kwenye kiti chake karibu na dirisha, akauliza tunazungumza nini. Mama akateremka kwenye kigoda, akamwambia hatuzungumzi kitu, akaenda kumletea kahawa.