Nilikabidhiwa bunduki ya upepo niue kunguru, nikaua ndege wa mwenye shamba

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ningekuwa naongeza, ningejipendelea kidogo.

Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Marekani nilifikia Buffalo, baridi ikanitoa mbio. Nikaenda Columbus, kazi ya warehouse ikanimaliza mgongo. Sasa niko Louisville. Kutulia sehemu moja kwangu ni adhabu, na mke wangu analijua hilo.

Nje ya mji kuna mzee wa Kizungu, tumwite Dale. Alifiwa na mkewe, ardhi ikabaki imelala. Akatuachia familia sita za kanisa letu tulime bure. Sharti lake moja tu: tusimharibie kitu.

Wakuu, mtu wa apartment ghorofa ya tatu akipewa udongo anarudi kuwa mtu. Mke wangu alianza hata kulala vizuri. Tukapanda mahindi, maharage na lengalenga, yaani mchicha wa kwetu.

Kunguru wakaja.

Msidhani ni wale wa kwetu wenye fulana nyeupe kifuani. Wa huku ni weusi tii, wakubwa, na wana akili za kukera. Mche ukitoa majani mawili tu wanaung'oa, wanakula punje, jani wanakuachia wewe. Tukapanda upya, wakang'oa upya. Tukasimamisha sanamu za makoti, wakatua juu ya makoti.

Ndipo Dale akaleta bunduki yake ya upepo. Alishaulizia sheria kuhusu kunguru wanaoharibu mazao. Akanifundisha kulenga, kisha akasema, "Kunguru tu." Nilichaguliwa mimi kwa sababu naingia shift ya mchana, asubuhi niko huru.

Siku za mwanzo nilipiga wawili. Waliobaki wakajifunza bunduki inafika wapi, wakawa wanatua hatua chache zaidi ya hapo na kunitazama. Nilikuwa nazunguka shamba mpaka miguu inauma, roho juu juu.

Hapa nisimame kidogo.

Mwisho wa shamba kuna mlingoti mrefu umetundikwa vibuyu vyeupe. Vibuyu, wakuu! Kwetu ukikuta vibuyu vinaning'inia shambani kwa mtu, unajua umeingia kwa nani. Wamama wa kanisa walishavikemea kimya kimya kwa jina la Yesu. Kumuuliza Dale, hakuna aliyethubutu. Utamuulizaje mtu aliyekupa shamba bure habari za uganga wake?

Basi asubuhi moja nikaona kunguru hewani, na ndege wadogo weusi wanaong'aa wamemzunguka kwa kelele. Nikajua hili ni genge moja, na hao ni watoto wake. Mmoja akatua juu ya mlingoti. Yuko karibu, ametulia.

Sikufikiri. Nikafyatua.

Nilipomwokota nikajua palepale kwamba nimekosea. Mdomo mfupi, mwili mwepesi, mbayuwayu kabisa. Na ndani ya kibuyu vifaranga wanalia.

Nikamfukia kwenye tuta la maharage.

Jumamosi Dale akaja, akashusha vibuyu kwa kamba kimoja kimoja kukagua vifaranga. Siku hiyo ndiyo tulielewa. Ni nyumba za mbayuwayu. Wanatoka mbali, Amerika ya Kusini, na upande huu wa nchi karibu wote wanataga kwenye nyumba walizotengenezewa na watu. Sheria inawalinda. Marehemu mkewe ndiye aliyeanza kuwafuga hivyo.

"Na ndio wanaowafukuza kunguru," akasema.

Kwenye kibuyu kimoja vifaranga wawili walikuwa wamekufa. Akatugeukia. "Kuna mtu ameona mwewe hapa?"

"Labda mwewe," nikajibu mimi. Haraka mno.

Siku nne sikutulia. Kazini nilibandika labels kwenye maboksi yasiyo yake mpaka supervisor akaniita. Nyumbani nikamwambia mke wangu turudi Buffalo, binamu yangu ana duka Grant Street, hatutakosa pa kuanzia.

Akaacha kukunja nguo. "Donc umefanya nini?"

Nikamwambia yote.

"Bon. Utaenda kumuambia mzee leo, ama nitaenda miye. Ile shamba haiko ya kwako peke yako."

Nikaenda. Nilijua naweza kuzikosesha familia sita shamba kwa mdomo wangu. Dale alinisikiliza akiwa mlangoni, hakupaza sauti.

"Ndege ningekuelewa, ulikosea," alisema. "Lakini ulinitazama machoni ukaniambia mwewe."

Akachukua bunduki yake. Akasema familia zote ziendelee kulima, yangu pia. Mimi tu nisikanyage tena.

Funzo langu, wakuu: usifyatue kitu ambacho hujauliza ni nini. Na aliyekupa ardhi yake muulize, hata kama swali lina aibu. Aibu ya kuuliza ningeimaliza siku ileile.

Naandika haya nikiwa ndani ya gari, kando ya barabara. Mke wangu yuko shambani. Mahindi yamemfika mabegani. Kamaliza kupalilia mistari yake, sasa ameingia kwenye ile iliyokuwa yangu.

Mara hii sijahama. Niambieni, nirudi kumwomba mzee aniruhusu tena shambani, au nimwache kwanza? Hata wa kunisema aniseme.