Msimu Huu Usinunue Kwangu

Imetangazwa rasmi, mbele ya wafanyabiashara wadogo mia mbili waliokusanywa katika ukumbi wa hoteli mjini Nakuru, kwamba blogu imekufa. Ofisa wa mafunzo alieleza kwamba mteja wa siku hizi hasomi. Anatazama, tena kwa sekunde nane. Makala marefu ni kaburi la biashara, na aliye nayo ayafute. Kisha ikaletwa chai.

Jebet Chesang aliyaandika yote kwenye daftari. Yeye huuza mbegu za viazi kule Molo, na ana blogu.

Aliianza miaka minane iliyopita, kwa sababu wateja walikuwa wakimuuliza maswali yaleyale na yeye ana kifua kibovu cha baridi. Aliandika jinsi ya kupanga mbegu kwenye trei, kwa nini stoo iwe na mwanga hafifu, kwa nini shamba lipumzishwe. Makala iliyomletea aibu ni ya mwaka alipokata kiazi chake mwenyewe, akakibana, na tone jeupe kama maziwa likatoka kwenye ule mduara wa ndani. Huo ni mnyauko. Akaandika: *Msimu huu usinunue mbegu kwangu. Zangu zina ugonjwa.* Akaweka na picha.

"Mama Kimutai," mumewe Kipchirchir alimuuliza wakati huo, "umeona duka gani limebandika mlangoni kwamba unga una wadudu?"

Jebet aliiacha makala palepale. Zile mbegu zilichemshwa, wakalishwa ng'ombe.

Basi alipotoka semina alikuwa ameamua kuifuta, kuanzia na hiyo. Lakini wiki hiyohiyo kukazuka jambo kubwa zaidi. Biashara yake yote ilikuwa imehamia kwenye ukurasa wa mtandao wenye wafuasi elfu ishirini na tatu, unaosimamiwa na Mercyline, jirani mwenye saluni. Jumatatu, Mercyline aliweka picha ya kiazi kilichooza, kimekatwa, kinavuja, ili watu wajifunze. Jumanne ukurasa ukafungwa.

"Wanasema ni picha ya jeraha," Mercyline alisema, akimwonyesha simu.

"Jeraha la nani?"

"La mtu. Mashine ndiyo imeona."

"Si uwaambie ni waru, ni kiazi tu!"

"Nimewaambia, dear. Wamesema wamepokea maoni yetu."

Stooni kulikuwa na mbegu za magunia themanini, viazi aina ya Shangi, zimetandazwa kwenye trei. Shangi haina subira. Ikishavunwa, wiki chache tu inaanza kuchipua, na haikungoji umalize shida zako. Machipukizi yalikuwa na urefu wa punje ya mahindi. Mvua ya Machi ilikuwa imeanza kunong'ona upande wa Mau Narok. Baada ya wiki mbili machipukizi yangefika urefu wa kidole, yakatike kwenye gunia, na mbegu iwe si mbegu. Wala si chakula, maana kiazi kilichokaa mwangani hugeuka kijani na kuwa kichungu. Hata mwenye chipsi asiye na dini hawezi kukinunua.

Jebet akawa anaingia stooni mara sita kwa siku na rula ya mtoto ya shule. Kipchirchir alimwambia kupima hakuyafupishi machipukizi. Alijua. Alipima.

Siku ya tisa tangu ukurasa ufungwe, simu ililia kutoka namba asiyoijua.

"Mathe, ni wewe ule mama wa 'usinunue kwangu'?"

Jebet akaweka rula chini. "Hiyo ni ya zamani. Naifuta leo."

"Usifute! Wacha nikuambie, mimi ni Gedion, katibu wa kikundi cha wakulima huku Olenguruone. Tuko arobaini. Mwaka jana tuliuziwa ugonjwa na mtu ako na video safi sana. Anacheza na debe."

"Mlinipata wapi?"

"Nilitafuta mnyauko kwa simu. Wauzaji wote mbegu zao hazijawahi kuugua tangu Adamu. Mgonjwa ni wewe peke yako. Nikasoma mpaka chini, na ile ya miaka miwili baadaye, ulivyosafisha shamba. Nakuja kesho. Lakini nitakata mwenyewe."

Usiku huo Jebet hakulala. Wakulima arobaini na kisu kimoja.

Gedion alifika na lori saa nne, pamoja na wazee wawili ambao hawakusalimia kwa furaha. Alipita trei zote, akachagua viazi thelathini, na kwa makusudi akachagua vya pembeni na vya chini. Jebet alimpa kisu na kopo la dawa ya kufulia, akichovye kila baada ya kiazi, kama ilivyoandikwa kwenye blogu. Gedion alikata, akabana, akangoja. Akakata, akabana. Kwenye cha kumi na saba kulitokea unyevu kwenye mduara, na wazee wakainama wote. Jebet alishika nguzo ya mlango.

"Ni maji tu," mzee mmoja akasema hatimaye. "Tone la ugonjwa linanata."

Thelathini vikaisha.

"Na hii haioni kila kitu," Jebet akasema, ijapokuwa Kipchirchir alikuwa akimkonyeza kutoka nyuma ya lori aache. "Ugonjwa unaweza kujificha. Pandeni mahali hamjapanda viazi miaka mitatu."

Wazee wakatazamana. "Unaona?" Gedion akawaambia. "Si niliwaambia ako hivyo?"

Walibeba magunia hamsini. Yaliyobaki yalichukuliwa na watu waliopigiwa simu na hao, na wengine waliotumiwa makala, yote, mpaka chini.

Ukurasa ulirudishwa mwezi wa Juni bila maelezo, na wafuasi wake wote. Jebet aliandika hapo kwamba mbegu zilikwisha tangu Machi. Watu mia nne walipenda.