Jogoo wa shukrani

Bado naisikia ile "Amina!" ya mama.

Juzi, ibada ya mwaka mpya, Nachingwea. Nilipeleka jogoo madhabahuni kumshukuru Mungu kwa kazi. Nimekaa nyumbani na shahada yangu kwa miaka, hatimaye nimepangiwa kufundisha Ruangwa.

Mchungaji akaniwekea mkono kichwani.

"Bwana, mpe binti huyu mume mwaka huu!"

Kanisa zima likaitikia. Amina ya mama ilizidi zote. Kumbe ndiye aliyemnong'oneza mchungaji ombi hilo.

Nje nikamuuliza, "Mama, na kazi je?"

"Kazi si unayo tayari, mwanangu? Tuombe kilichobaki."

Shangazi akadakia: "Jogoo mnono vile, atakuletea daktari!"

Wakacheka. (Cheka na wewe ukitaka.)

Nimelia kwa Mungu miaka yote hiyo. Amejibu, na hakuna aliyemwambia asante.

Sadaka zilipopigwa mnada, nikanyoosha mkono. Nikamnunua jogoo wangu mwenyewe. Mama akanitazama kana kwamba nimeiba.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mimi nimeshafika Ruangwa. Jogoo nimemkabidhi mchungaji wa huku, na sala ya shukrani nimeisali mwenyewe, kwa sauti.