Wino wa Bluu Kwenye Lebo

Nilifika Stockholm kwa mzunguko wa miaka sita. Nilitoka Nakuru nikaenda Kampala, nikauza mitumba. Kampala nikaenda Istanbul, nikaosha vyombo. Istanbul nikaenda Copenhagen kumfuata mwanamke ambaye hakunivumilia hata majira mawili ya baridi. Treni ya mwisho ilinishusha nikiwa na begi la nguo na kasha la santuri ndogo, zile zenye wimbo mmoja kila upande. Nguo nilikuwa nimezipoteza na kununua nyingine njiani. Santuri sikupoteza hata moja.

Zilikuwa za soul na za gereji, muziki wa zamani wa Wamarekani, huo wa gereji ukiwa wa vijana waliopigia magitaa pale baba zao walipoegesha gari. Zilitoka kwenye lebo ndogo zilizokufa kabla sijazaliwa. Baba yangu alikuwa nazo, akaziuza mojamoja mambo yalipoharibika nyumbani. Mimi nilikuwa nazitafuta zilezile, kana kwamba nikizipata zote nitajikuta tena sebuleni kwetu.

Nilipanga chumba Spånga, nikafanya kazi ya usafi ofisini. Jumapili nilikwenda Fittja kwenye ibada ya Kiswahili, kusema kweli kwa ajili ya chai ya baadaye, maana wazee wakinywa chai hukumbuka walichoacha kabatini. Mama mmoja wa Bukavu, mjane, alinitania kila nilipoingia.

"Ficheni saa za ukutani! Huyu anabeba kila kitu kinazunguka!"

Ndiye aliyeniletea santuri iliyofungwa kwa kitambaa cha kichwa. Ilikuwa ya soul, ya lebo niliyokuwa nimeiona kwenye picha tu. Marehemu mumewe alipewa na mgeni wa hoteli alikokuwa akihudumu.

"Miaka mingi sina mashini ya kuipiga," alisema. "Uisafishe, mtoto yangu, halafu ulete mashini yako tusikie."

Juu ya lebo kulikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu.

Kwetu sisi watu wa santuri, maandishi kwenye lebo ni doa. Santuri inaweza kulia vizuri kabisa, lakini kama mtu aliiandika, imeshuka daraja. Nilimtumia picha Mswidi mmoja wa Sundbyberg, mkusanyaji kama mimi, aliyekuwa na santuri ya gereji niliyoitafuta kuliko zote. Baba alikuwa akiipiga akinyoa ndevu. Jibu lilikuja upesi: bila huo wino, tungebadilishana hata leo.

Nikachukua pamba na spiriti. Husugui, unagusa, unasubiri, unagusa tena. Wino ulitoka herufi kwa herufi, na nilijisifu kwa ufundi wangu. Nilijiambia Mama anautaka wimbo tu. Nitamwekea kwenye simu, na santuri yenyewe nitamwomba.

Jumamosi nikabeba mashine mpaka kwake, hukohuko Fittja. Binti yake akanifungulia. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Kabla sijaweka sindano, alivaa miwani akaishika santuri.

"Maandiko iko wapi?"

"Maandiko gani, Mama?"

"Ya bwana yangu. Aliandika jina yangu, ile ya nyumbani. Karatasi zake zote zilibaki njiani tukikimbia. Ni hii tu ilibakia."

Nikasema maji yameutoa wino.

Binti aliniangalia, akamwambia mama yake kwa Kiswidi kwamba maji hayafuti wino wa miaka hiyo yote. Mama akamkatiza. "Acha. Alikuwa anasaidia." Kisha akanigeukia: "Usiwe na mawazo. Kula."

Nikala. Aliniletea wali na sombe, kisamvu cha kwao, nikala sahani mbili, huku wimbo ukipigwa na yeye akiitazama lebo tupu ikizunguka.

Santuri nilikuwa nimeiacha kwake. Yule wa Sundbyberg aliandika mara tatu, sikumjibu. Chai ya Jumapili niliiacha. Baada ya wiki chache nikaamua kuhama, kama nilivyozoea kufanya kila mahali panaponishinda.

Siku ya kuondoka nilipitia Fittja asubuhi na mashine ya santuri mikononi, nimwachie Mama. Nilisimama mlangoni kwake.

"Mama, hayakuwa maji. Niliufuta mwenyewe, nipate kuibadilisha na santuri nyingine."

Hakunitukana. Aliuliza kama mtu anayeomba msaada:

"Herufi ya kwanza, alikuwa ameiwekea mkia ama hapana? Nimeanza kusahau. Wewe uliiangalia karibu."

Nikajaribu. Niliikumbuka ile bluu. Nilikumbuka mahali kalamu ilipokandamiza karatasi, na upande uliokuwa mgumu kutoka. Lakini lile jina sikuwa nimelisoma.

"Sijui, Mama."

Akaipokea mashine, akafunga mlango taratibu.

Mchana nilipanda basi la kusini, kasha likiwa mapajani. Namba za kiwandani zilizochongwa kando ya lebo ya santuri ile nazikumbuka zote mpaka leo.