Wajane wa Karatasi ya Pili

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisoma hisabati, nilipangiwa kwenda Mbinga kwa mafunzo ya kazi wakati wa likizo ndefu. Wenzangu wengi walibaki Dar es Salaam, karibu na chumba kilichotunza kompyuta. Mimi nilipewa bunda la karatasi zenye vijisanduku themanini kila mstari, penseli tano na kifutio. Niliambiwa niandike programu huko huko na kuituma kwa posta. Wafanyakazi wa kule wangeitoboa kwenye kadi na kuilisha mashine. Kwa hiyo katika miezi yote ile ya kujifunza kazi ya kompyuta, kompyuta yenyewe sikuiona hata siku moja.

Nilifika nimechoka na sidhani kama uchovu ule ulinitoka kabla sijaondoka. Siku ya mwisho ya safari niliimaliza ndani ya lori, juu ya magunia ya mbolea, nimejifunika khanga mbili ambazo hazikusaidia kitu. Ulikuwa msimu wa baridi. Ukungu ulikaa mabondeni mpaka saa nne asubuhi, na kwa kuwa kahawa ilikuwa inavunwa, mji mzima ulinuka maganda yaliyoanza kuchacha. Nilipata kitanda kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Kila asubuhi nilinawa kwa maji yaliyoniuma vidole, kisha nikapanda kilima kwenda ofisini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Meza moja ilikuwa ya bwana takwimu, mtu mzima kutoka Tanga, ambaye alivaa makoti mawili kwa wakati mmoja na hakuona haya kuyavaa. Alikuwa Mwislamu, na kwa kuwa mji wote ulikwenda na kengele ya kanisa, alikuwa amezoea kuswali stoo, kati ya mafaili. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha rundo la fomu lililofika kiunoni mwangu.

Kazi ilikuwa hii. Wakati huo watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa walikuwa wanahamia vijiji vipya, na walimu wa shule walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakijaza fomu: nani yuko kwenye kaya, umri wake, kazi yake. Programu yangu ilitakiwa kuzisoma fomu zote, kuziorodhesha kaya, na kuipa kila kaya namba ya kiwanja chake kijijini. Niliona ni jambo dogo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja.

Programu ya kwanza ilirudi baada ya wiki mbili, karatasi moja tu, ikisema mstari wa kumi na moja umekosa alama ya mkato. Wiki mbili kwa mkato mmoja. Nilirekebisha nikatuma tena. Ya pili ilirudi kwa sababu aliyetoboa kadi alisoma herufi O akadhani ni sifuri. Tangu hapo nikawa nachora mstari katikati ya kila sifuri, mpaka leo ninafanya hivyo. Wakati wa kusubiri niliendelea kunakili fomu kwenye zile karatasi, herufi themanini themanini kwa mstari, mpaka macho yakawa yanaona vijisanduku hata nikitazama mashamba ya ngoro, yale yenye mashimo ya mraba, kwenye miteremko. Bwana takwimu aliniona nikisinzia, akaniletea chai ya tangawizi. Akaniambia kwamba alipohamishiwa Mbinga alilala mwezi mzima, akaamka akaendelea na kazi.

Mara ya tatu programu ilikubali. Lilikuja furushi la karatasi pana zilizoungana, zenye vitundu pembeni, na watu wa ofisi nyingine walikuja kuzitazama kama watu wanaotazama maiti ya mtu mkubwa, kimya, mikono nyuma. Orodha ziligongwa mhuri zikateremshwa ziwani na lori la saruji. Nilidhani nimemaliza, nikaanza kuandika ripoti yangu ya chuo.

Siku kama kumi baadaye alikuja mama mmoja ofisini. Alikuwa mtu wa ziwani, amebeba kifurushi cha usipa, dagaa wa ziwani, waliokaushwa, na miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu kwa siku mbili. Alikataa kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza nani anayeandika zile karatasi za mashine. Nikasema ni mimi.

"Basi mwanangu, nimekuja kuuliza," alisema. "Mume wangu alifia ziwani miaka mitano iliyopita. Sasa kijijini wananiambia mashine imeniozesha kwa jirani yangu. Jirani yangu ana mke, na mke wake hasemi nami tena. Kiwanja sina. Nani aliniposa?"

Hakulia wala hakupandisha sauti. Bwana takwimu aliweka kalamu chini.

Niliitafuta fomu yake ndani ya rundo. Ilinichukua muda mrefu, naye alisimama wakati wote. Nilipoipata nilielewa kabla sijamaliza kuisoma. Fomu moja ilikuwa na nafasi ya watu wanane. Kaya yenye watu zaidi ya wanane iliendelea kwenye karatasi ya pili, na kwenye karatasi ya pili walimu waliacha wazi kisanduku cha juu, kile kilichoandikwa "mume". Nilikuwa nimeliona hilo mapema, nikajiona mwerevu, nikaandika ndani ya programu kwamba kisanduku hicho kikiwa kitupu, karatasi hiyo iunganishwe na kaya iliyotangulia. Sikufikiria kwamba mwalimu akifika kwa mjane atakiacha kitupu vilevile. Angeandika nini? Kila mjane wa mwambao mzima nilikuwa nimemtia ndani ya nyumba ya mtu ambaye fomu yake ilitangulia kwenye rundo.

Nilimweleza mama yule, kwa maneno rahisi kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si mashine," alisema.

"Si mashine, mama. Ni mimi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa alichouliza, akakubali kiti.

Nilimwambia bwana takwimu kwamba nitarekebisha mstari ule na kuituma programu upya. Akaniuliza itachukua muda gani. Nikasema wiki mbili, labda tatu. Akasema baada ya wiki tatu viwanja vyote vitakuwa vimekwisha gawiwa, na orodha ina mhuri, na mwenyekiti wa kijiji ataufuata mhuri. Akavua koti moja akalikunja.

"Huko ziwani kuna joto," alisema. "Chukua fomu. Tunashuka kesho."

Nilitamani kulala, lakini mchana wote ule na jioni yake tulichambua fomu tukiwa watatu. Mama yule hakujua kusoma, ila kila tulipotaja jina na mahali alituambia huyu ni mjane, huyu mumewe yuko machimboni, huyu aliachwa. Asubuhi tukapanda lori naye.

Tulizunguka vijiji kwa siku nne. Kila tulipofika watu waliitwa, bwana takwimu akaeleza kwamba orodha ina marekebisho, kisha akanitazama. Hakunilazimisha. Nilisimama mbele ya watu wazima waliokuwa wamebomoa nyumba zao, nikasema kosa ni langu, nikasoma majina ya wanawake mmoja mmoja na kuyaandika kwa kalamu pembeni ya karatasi ya mashine, naye akagonga mhuri juu ya mwandiko wangu. Kijiji cha kwanza walicheka. Cha pili mzee mmoja aliuliza kama serikali imeishiwa watu mpaka itume mtoto. Niliendelea kusoma majina. Jua lilikuwa kali, mchanga unaunguza kupitia soli, na nilitamani tu mtu aseme basi, inatosha.

Mama yule alipata kiwanja karibu na wanawe. Mke wa jirani yake alimsaidia kubeba miti ya kujengea, bila kuongea, na nilivyowaona niliamini wataongea siku zijazo. Lakini kijiji cha mwisho tulichelewa. Viwanja vizuri vilikuwa vimekwisha, na wajane wawili walipewa sehemu ya chini karibu na kijito, ambako maji husimama masika yote. Mwenyekiti alisema, ndugu, ningefanyaje. Nilimwelewa. Mmoja wa wale wanawake aliponda udongo kwa vidole vyake akanionyesha ulivyolowa maji.

Nilirudi chuoni, nikalala. Ripoti yangu ilisifiwa kwa ule mstari uliorekebishwa. Nilikuwa nimeandika aya moja kuhusu kijito. Mwalimu wangu aliipigia mstari akaandika kwamba haihusiani na programu.

Mwaka uliofuata bwana takwimu aliniandikia barua fupi. Mjane mmoja kati ya wale wawili alikuwa amehamishiwa juu. Mwingine alikuwa amekiacha kile kiwanja, akaenda kukaa kwa binti yake, na hakuna aliyejua kama atarudi.